Kalamu Iliyosimama Hewani

Fundi alinikuta nyuma ya nyumba napepeta ulezi. Siku nyingine zote alikuwa akiingia na baiskeli mpaka uani huku akipiga kengele. Siku hiyo aliiacha barabarani, akaja kwa miguu, akasimama mbali kidogo na ungo wangu, kofia mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mzee yuko ndani, karibu."

"Sijamfuata mzee, nimekufuata wewe." Akashusha sauti. "Ile nyumba ya kule Mazwi, mwalimu, chumba cha watoto. Nimefikisha kozi ya tatu ya matofali na kwenye ramani sioni mlango. Kwenda kumuuliza mzee naogopa. Kuacha nafasi ya mlango kwa akili yangu naogopa zaidi."

Nilimwambia asiogope, aingie tu, mzee atamwonyesha. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka kumaliza ulezi wangu kabla upepo haujatulia. Jibu hilo nimelifikiria sana tangu siku ile.

Mume wangu alikuwa mchora ramani. Aliingia kazi ya serikali akiwa kijana, akachora viwanja na barabara za Sumbawanga wakati huku Malangali tunakoishi kulikuwa mahindi matupu. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, alipunguzwa katika kundi la kwanza. Alirudi nyumbani na rula yake kubwa yenye umbo la T na kikombe chake cha chai, akaviweka juu ya meza ya kulia, akaniambia, "Basi." Mimi nilikuwa nafundisha darasa la pili. Miezi ile tuliishi kwa chaki yangu.

Halafu mji ukaanza kujengwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na ile iliyofuata. Aliyeuza mahindi alijenga, aliyefungua duka la vipuri vya baiskeli alijenga, na wafugaji waliohamia bonde la Ziwa Rukwa kutoka kaskazini walianza kuuza ng'ombe na kupanda huku kwenye baridi kutafuta viwanja, ili watoto wao wasome. Wote walitaka ramani. Sisi tukahamia kulia chakula jikoni na meza ikabaki yake. Watoto wetu walikua wakijua kwamba meza ile haiguswi, na kwamba baba akiinamisha kichwa hasemeshwi. Walipoondoka kwenda kwenye maisha yao, meza ilibaki vilevile.

Nyumba ya Mazwi ilikuwa ya mfugaji mmoja wa Mtowisa, kule bondeni, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliyekuwa anajenga mjini kwa mara ya kwanza. Baada ya fundi kuja kwetu, mume wangu alisema atakwenda kuona mwenyewe. Nami nilikuwa nakwenda sokoni, tukaongozana.

Vibarua walikuwa watano au sita, na mfugaji mwenyewe alikuwapo, amepanda asubuhi hiyo kutoka bondeni. Chumba kilikuwa kama fundi alivyosema. Kuta nne zilizofika magotini, zimeungana kote. Fundi akatoa nakala ya ramani mfukoni. Ilikuwa imeloa mvua na kukauka mara nyingi, mikunjo imekula mistari.

"Ramani yangu ina mlango," mume wangu alisema bila kuiangalia vizuri. "Umeufuta kwa jasho la mfuko wako."

"Mzee, mimi nimejenga nilichokiona."

"Umeona nini wewe? Mji huu nimeuchora hujazaliwa! Ni ulevi huo."

Fundi hakuwa mlevi. Tulikuwa jumuiya moja, tulisali rozari kwao kila ilipofika zamu yao, na mkewe tulimjua. Vibarua waliacha koleo wakatazama. Fundi alimgeukia mwenye nyumba, na yule mfugaji akawatazama wote wawili kwa zamu, kama mtu anayeulizwa kitu kwa lugha asiyoijua.

"Mimi ramani sijui kuisoma," alisema mwishowe. "Nitamwamini aliyeichora."

Kwa maneno hayo fundi alipoteza kazi. Alifunga mwiko na timazi yake kwenye kiroba, akapanda baiskeli. Wiki ile ile akaletwa mwingine, akabomoa kozi tatu upande wa korido, akaweka mlango.

Mchana wa siku ile ya ugomvi, mume wangu alipokuwa amelala, nilifungua kabati anamotunza ramani halisi. Niliitandaza ile ya Mazwi mezani. Ilikuwa safi, mistari yake kama imekatwa kwa wembe, herufi zake zile nzuri ambazo watoto wangu wa darasa la pili nilitamani waziandike. Chumba cha watoto kilikuwa na dirisha, kilikuwa na vipimo, kilikuwa na alama ya mahali pa kitanda. Mlango hakikuwa nao.

Niliikunja nikairudisha. Sikumwambia yeye, wala fundi, wala mfugaji. Nilijiambia mlango utawekwa, nyumba itaendelea, mafundi hawakosi kazi Sumbawanga. Ukweli ni kwamba sikuwa na nguvu ya yale ambayo yangefuata. Ningemwambia, angekataa, ningemwonyesha, na baada ya kumwonyesha tungeishije? Nilikuwa nimestaafu nikitegemea kupumzika. Nikanyamaza miezi saba. Jumapili tukikutana na fundi kanisani aliniamkia vilevile, "Shikamoo, mwalimu," nami niliitikia nikitazama viatu vyangu.

Mambo mengine nilikuwa nayaona, kila moja peke yake. Alikwenda dukani kununua penseli akarudi na chumvi, na chumvi tulikuwa nayo. Alinisimulia habari ya mjomba wake kwa Kifipa, akaimaliza, akanywa maji, akaisimulia tena. Mezani alikuwa anakaa saa nzima kwa mstari uliokuwa ukimchukua dakika. Kalamu aliishika juu ya karatasi, inchi moja, haishuki. Nilidhani ni uangalifu wa uzeeni. Wifi yangu alikuja kutoka kijijini, akamtazama siku mbili, akaniambia faraghani kuna mkono wa mtu hapa, watu wanaionea kazi yake wivu. Nilimwambia aendelee kumenya viazi.

Kisha likasomwa tangazo baada ya misa. Wataalamu wa mradi fulani wangekuwa hospitalini wiki hiyo, kupima wazee wa miaka sitini na kuendelea. Presha, sukari, macho, masikio, na kumbukumbu. Kumbukumbu ingepimwa kwa kuchora.

Mume wangu alicheka njia nzima ya kurudi. "Kwa kuchora! Mimi nichoreshwe!" Nadhani alikubali kwenda kwa sababu hiyo tu. Alivaa koti lake la ofisi.

Tulikaa kwenye benchi na wazee wengine, wengi wamejifunika mablanketi kwa baridi ya mwezi wa saba. Aliyekuwa anapima alikuwa binti mpole mwenye sweta la kijani. Mbele yake palikuwa na kishikwambi kilicholazwa mezani na kalamu nyeusi isiyo na wino. Bibi mmoja kutoka vijijini alitangulia kabla yetu. Aliishika kalamu kwa ngumi kama mwiko, akasema maisha yake yote hajawahi kuandika kitu. Binti akamwambia, "Usijali, bibi. Hilo naliandika kwanza, ili usihesabiwe kosa. Wewe tutazungumza zaidi kuliko kuchora." Wakaanza kuzungumza habari za wajukuu wake, na binti akawa anamuuliza majina yao.

Nilipimwa mimi kabla ya mume wangu. Niliambiwa nichore saa ya ukutani, niweke namba zote, kisha mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Nimefundisha watoto kusoma saa miaka thelathini, kwa vijiti na vifuniko vya chupa, lakini mkono wangu haujawahi kujua duara. Nilichora kitu kama kiazi. Namba za upande wa kushoto zilibanana. Nilimaliza upesi, nikaona aibu. Binti akasema, "Vizuri sana, mama," nikadhani ananifariji.

Mume wangu alikaa, akainua mikono ya koti, akaijaribu kalamu kwenye kioo.

"Saa tano ya kwetu," aliuliza, "au saa tano ya kizungu?"

"Ya kwetu, babu. Kama unavyoisoma saa yako ukutani asubuhi hii."

"Basi mshale mfupi unakaa kwenye kumi na moja."

"Wewe chora tu, babu, mimi sisemi kitu."

Alichora duara kwa mkono mtupu, mara moja, likaungana lilipoanzia. Wazee wa kwenye benchi walinong'ona. Namba zilikaa sawasawa, kumi na mbili juu, sita chini, tatu na tisa zikitazamana. Mishale ilitoka katikati kabisa, mfupi kwenye kumi na moja, mrefu kwenye mbili. Ilikuwa saa ya kutundikwa ukutani. Alirudisha kalamu mezani akanitazama, na mimi nilifurahi, siwezi kuficha. Nilifurahi mpaka nikasahau kabati.

Walituita ndani baada ya chai. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, na binti alikaa pembeni yake. Walianza na presha ya mume wangu, iliyokuwa juu, na sikio la kushoto, lililokuwa halisikii vizuri. Kisha daktari akasema, "Mzee, mchoro wako ni mzuri kuliko wote tuliopata wiki hii."

"Ni kazi yangu."

"Najua. Ndiyo maana ungekuwa kwenye karatasi ningekuruhusu uende nyumbani. Lakini hiki kifaa hakitunzi mchoro peke yake, kinatunza na namna ulivyochorwa. Naomba tuangalie pamoja."

Binti akagusa kioo, na saa ikaanza kujichora upya, kama kuna mkono usioonekana. Duara lilikwenda vizuri. Kumi na mbili ikaja. Halafu pakawa kimya. Palikuwa na nukta ndogo ya kijivu inayotetemeka mahali kalamu ilipokuwa hewani, haishuki, inakwenda kushoto, inarudi. Sita ikaja. Nukta tena. Kabla ya mshale mfupi nukta ilizunguka saa nzima, ikapita kwenye kumi na moja, ikaiacha, ikaenda kwenye tano, ikasimama, ikarudi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake wakati anachora na sikuona lolote. Sasa niliona. Ilikuwa ndiyo ile inchi moja juu ya meza yetu.

"Mchoraji hufikiri kabla ya kuweka mstari," mume wangu alisema.

"Ni kweli, mzee. Na hii peke yake haitoshi kusema unaumwa. Presha inaweza kuchangia, hata huzuni, hata usingizi mbaya. Tutapima damu, tutaongea na mama, na utarudi baada ya miezi mitatu uchore tena. Lakini ukiniuliza ninachokihofia, nahofia ni ugonjwa wa kusahau, na uko mwanzoni. Tumeuona mapema."

"Mapema kwa kitu gani?" niliuliza mimi. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Dawa ipo?"

Daktari hakunikasirikia. Alisema dawa ya kuuondoa haipo, zipo za kusaidia kidogo kwa baadhi ya watu, na huku si rahisi kuzipata. "Mapema kwa sababu bado mzee mwenyewe yupo, mama. Presha tunaweza kuishusha. Baiskeli aache kuendesha barabara kubwa. Na kama kuna jambo analotaka kulipanga au kulimaliza, alifanye sasa, kwa akili yake mwenyewe. Wengi wanaletwa kwangu wakati wengine ndio wanawaamulia."

Tulirudi kwa miguu. Alitembea upande wa ndani wa barabara kama nilivyomwomba. Vumbi la mwezi wa saba lilikuwa limefanya kila kitu rangi moja. Tulipofika alivua koti, akakaa mezani kwake, akasema, "Kumbe unaweza kufanya kosa na usilione."

Nilijua hakuna wakati mwingine. Nilifungua kabati, nikatoa ramani ya Mazwi, nikaitandaza. Aliinama. Kidole chake kilifuata ukuta wa chumba cha watoto, upande mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Akakizungusha tena.

"Lini umeiona hii?"

"Siku ile ile."

"Siku ile ile." Alirudia polepole. "Na ukaniacha."

"Nilikuwa nimechoka, baba."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Nilitegemea ghadhabu, ile aliyomtupia fundi. Badala yake aliikunja ramani kwa mikunjo yake ya zamani.

"Yule fundi nilimwita mlevi?"

"Ulimwita."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Kesho twende."

Tulimkuta fundi kwake akiziba nyufa za ukuta wa jiko. Alitukaribisha, mkewe akaleta viti, sisi tukakaa yeye akabaki amesimama. Mume wangu alianza kueleza habari ya hospitali, fundi akamkatiza kwa upole.

"Mzee, mimi sina neno na wewe. Lakini hukuniambia hapa. Uliniambia pale, na wale vibarua wamezunguka mji mzima na habari hiyo. Tangu siku ile nimepata kazi mbili tu, zote za kuziba nyufa. Kama unataka kusema, tukasemee palepale."

Ilikuwa haki yake. Nilimpigia simu mfugaji, na Jumamosi akapanda kutoka Mtowisa na gunia dogo la mchele, hajui aliitiwa nini. Nyumba ilikuwa imeezekwa tayari. Vibarua wawili wa zamani walikuwapo wanapiga plasta. Fundi alisimama kwenye kizingiti na baiskeli yake, hakuingia.

Mume wangu alivua kofia. Nilikuwa naogopa atapotea katikati ya maneno, lakini hakupotea. "Mlango ni mimi niliyesahau kuuchora," alisema. "Huyu alisoma ramani sawasawa. Alikuja kuuliza kwa heshima, nami nikamtukana na kumnyima kazi. Nimekwenda hospitali, wameona kichwa changu kinaanza kuchoka. Kosa ni la kichwa hicho, lakini tusi nililitoa kwa mdomo wangu. Naomba unisamehe."

Aliyejibu kwanza ni mfugaji. "Mama yangu alianza hivyo," alisema kwa sauti yake ndogo. "Alichanganya ndama na mama zao. Tukamkataza zizini kabisa, akakaa kwenye kigoda mpaka akafa. Mimi sasa naona tungemwachia hata wawili." Halafu akamgeukia fundi, akamwambia uzio na vyoo bado, kama yuko tayari aje Jumatatu.

Fundi alimpa mume wangu mkono. Mimi nilinyoosha wangu pia, nikamwambia nilijua na nilinyamaza. Huo aliushika kwa muda mfupi zaidi. Sikumlaumu.

Walikuwapo watu wengine watatu ambao walikuwa wameshachukua ramani na hawajaanza kujenga. Tuliwafuata wote, mmoja baada ya mwingine, tukazikagua mezani kwao. Katika moja tulikuta shimo la choo limekaa upande wa juu wa kisima kwenye mteremko. Mume wangu aliliona mwenyewe kabla yangu, akalihamisha kwa penseli, na siku hiyo alitembea kama zamani. Kwa karibu mwaka mzima aliendelea kuchora kazi ndogondogo, mabanda na vibanda vya biashara, na mimi nilikuwa nakaa kando kuhesabu milango na madirisha kabla karatasi haijatoka. Tulirudi hospitalini kila walipokuja. Saa zake ziliendelea kuwa nzuri, na ile nukta ya kijivu iliendelea kukaa hewani zaidi. Mara ya nne alichora duara zuri, akaweka kalamu chini, akamwambia binti amemaliza.

Hakuna aliyemwambia aache kazi. Siku moja alimwambia mteja mlangoni kwamba hachori tena, akamwelekeza kwa mtu mwingine mjini, kwa adabu zote. Nilimsikia nikiwa jikoni. Nilikaa chini.

Lakini lile la fundi halikumtoka. Wiki tatu baada ya kwenda Mazwi, asubuhi tunakunywa uji, aliniambia, "Mama, kuna fundi mmoja nilimkosea. Twende nikamwombe msamaha." Nilimweleza kwamba tumeshakwenda, na walivyopeana mikono. Alifurahi. Baada ya siku chache akaniambia tena, na safari hii uso wake ulikuwa umejaa fedheha mpya kabisa, kama jambo limetokea jana. Nilimweleza. Nilimweleza mara nyingi sana. Aibu ilikuwa inabaki na msamaha ulikuwa unapotea. Sijui kwa nini iwe hivyo, na daktari nilipomuuliza naye hakujua vizuri.

Asubuhi moja sikuwa na nguvu ya kueleza. Alikuwa ameshavaa koti. Nikachukua kitenge changu tukaenda.

Fundi alikuwa uani kwake, ananoa panga. Alituona tukitokea, akanitazama mimi kwanza, na nadhani alielewa kwa jinsi nilivyokuwa natembea. Aliweka panga chini, akaingia ndani, akatoka na viti viwili.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," mume wangu alisema. Hakukaa. Alivua kofia. "Mwanangu, nimekuja kwa jambo zito. Nilikutukana mbele za watu, na kosa lilikuwa langu."

Nilitaka kusema kitu. Fundi alinipungia mkono kidogo, chini, ninyamaze.

"Nimekusikia, mzee wangu," alisema. "Iliniuma. Sasa nimekusamehe. Kaa, tunywe chai."

Mume wangu alikaa. Alitoa pumzi ndefu, akauliza habari za watoto, akaambiwa, akauliza habari za mvua. Chai ilikuja na viazi vya kuchemsha. Nilikunywa kikombe changu, mke wa fundi akanijazia kingine bila kuniuliza, akavuta kigoda akakaa karibu yangu. Nilikaa pale mpaka jua likapanda vizuri, nikiwa sijafikiria cha kupika.

Tulikwenda tena mara sita kabla hajaisahau njia.